Karia ya Mbele Aliyonitengenezea Barasa

Satellite, Nairobi, Jumapili, saa nane mchana

Njoki mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na ninavyomjua msusi wako, hutarudi kabla ya jua kuzama. Nimekaa kitandani kwako kwa sababu meza imejaa nguo zako. Kalamu nimeitoa kwa begi lako la shule ya uuguzi. Nitairudisha.

Sitakuandikia kuhusu neti ya mbu, wala maji ya kuchemsha, wala kanisa utakalosali huko Busia unakoenda kuanza kazi. Hayo nimekwambia mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nataka kulijibu swali uliloniuliza Alhamisi, nikakujibu vibaya.

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Ulikuja ukaegemea mlango ukasema, "Mami, ile baiskeli nitapewa na zahanati haina kitu mbele. Niweke karia, ama ninunue begi ya kufunga kwa usukani?" Nikasema, bila kuinua kichwa, "Uliza fundi. Mimi si fundi."

Ulisema "Sawa," ukaenda nje. Lakini niliona umeshangaa. Mtu aliyekulisha na kukusomesha kwa karia, kile chuma cha kubebea mzigo mbele ya baiskeli, anaulizwa jambo la karia, anasema aulizwe fundi. Hukujua kwamba swali lako limegusa mahali ambapo mimi mwenyewe huwa sipagusi. Nikueleze yote, kuanzia mwanzo, halafu mwisho utaelewa kwa nini lazima uyasome leo na si kesho ukiwa ndani ya basi.

Unakumbuka mwaka ule stima ilikuwa inakatwa kwa zamu? Ulikuwa darasa la tano. Baba yako alikuwa ameanza kazi ya malori ya Malaba, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na baiskeli yake nyeusi ilikuwa imeegemea ukuta inaota kutu. Mimi nilikuwa nafua nguo kwa Mama Hansa kule Spring Valley, siku tatu kwa wiki. Siku moja nilimkuta amesimama jikoni mbele ya oveni yake akiwa karibu kulia. Keki ilikuwa ndani, stima imepotea, na keki imelala kama ugali uliomwagiwa maji. Nikamwambia kwetu tunaoka kwa makaa, kwa jiko la pipa, na stima ikipotea hatuna habari. Akaniangalia.

"Wewe najua oka keki?"

"Najua."

"Bila yai? Sisi hapana kula yai."

Nikasema najua hiyo pia. Nilikuwa naongopa, Njoki. Wiki hiyo mlikula keki mbovu kila jioni wewe na majirani, mpaka nikaelewa kwamba maziwa lala, yale ya mgando, na siki kidogo hufanya kazi ya yai. Siku ya Jumamosi nilimpelekea moja. Alionja, akaenda ukumbini, akarudi na dada yake, naye akaonja. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Baada ya miezi miwili nilikuwa na nyumba tano Spring Valley na mbili Kitisuru, na kufua nikaacha.

Shida haikuwa kuoka. Shida ilikuwa kufika. Keki haitaki kutikiswa, haitaki jua, haitaki kulazwa ubavu. Kutoka hapa Satellite, ukapita Kawangware na Lavington hadi ufike Spring Valley, barabara ilikuwa mashimo na matuta. Nilijifunza kuendesha baiskeli ya baba yako uwanjani, jioni, nikiwa nimevaa suruali yake ndani ya sketi. Wanawake wa kanisa walicheka mpaka wakaketi chini. Mmoja aliniuliza kama nimeajiriwa posta. Ulikuwa unakimbia nyuma yangu umeshika kiti, unapiga kelele, "Usiangalie gurudumu, Mami! Angalia mbele!" Huo ndio ushauri bora niliowahi kupewa juu ya baiskeli, na ulitoka kwako.

Kwanza nilifunga keki nyuma, kwenye karia ya kawaida, kwa vipande vya mpira wa tairi. Kitu kilicho nyuma hukioni. Unasikia tu kimegonga, na ukigeuka kuangalia, umeingia shimoni. Nilikuwa nafika na keki yenye ufa katikati, nauziba na aisingi, ile krimu ya sukari ya kupambia, mlangoni kwa watu, nimejificha nyuma ya maua.

Kisha nikatundika kiondo, kikapu changu cha kusuka, kwenye usukani. Usifanye hivyo kamwe. Kiondo kinaning'inia, kinacheza, kinakupiga goti, na kila ukikata kona chenyewe kinataka kwenda upande wake. Siku ya tatu mkanda uliingia kwenye gurudumu, nikaruka nikasimama kwa miguu yangu kwa bahati tu. Nikajaribu begi la mgongoni. Mgongo wangu ulikuwa moto kama jiko, na aisingi ikafika imekuwa uji.

Ndipo nikaenda kwa Barasa.

Unamkumbuka Barasa kwa jambo moja, na ni mimi niliyekupa jambo hilo. Ngoja nikupe mengine. Alikuwa na kibanda chake Kawangware karibu na soko, anachomelea mageti na meko na viti. Mtu mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayepima kwanza. Binti yake ni Nekesa, uliyekuwa unakaa naye dawati moja. Nilipomweleza shida yangu hakukimbilia chuma. Aliniambia nipande baiskeli, niende mpaka kona nirudi, huku yeye amesimama anatazama. Kisha akaniambia niende tena, na tofali limefungwa kwenye usukani. Nikayumba kama mlevi.

"Umeona?" akasema. "Mzigo ukikaa juu kwa usukani, wewe unashindana nao. Mimi nitakuwekea karia ikae chini, karibu na gurudumu. Halafu nitateremsha miguu miwili mpaka kwa ekseli, katikati ya gurudumu. Uzito uende kwa gurudumu, usiende kwa mikono yako."

Aliitengeneza siku mbili. Ilikuwa pana kiasi cha sinia, na ukingo mdogo pande zote ili sanduku lisiteleze. Aliipaka rangi ya kijani iliyobaki kwa geti la mtu. Alipoifunga, alinishika mkono akaniwekea spana ndani.

"Hii ni ya keki, Mama Njoki. Si ya unga. Kilo kumi, basi. Na nati za chini kila wiki uzikaze mwenyewe. Hizo barabara hufungua kila kitu."

Siku ya kwanza nilipoenda na ile karia, nilikuwa naiona keki yangu mbele yangu njia nzima. Nikiona shimo, naiona keki, naona vyote kwa jicho moja. Nilifika Spring Valley na keki nzima kama ilivyotoka jikoni. Mama Hansa alikuja mpaka nje kuiangalia baiskeli, akakishika kile chuma, akakitikisa.

"Nani nafanya hii?"

Nikamwambia. Mume wake alikuwa anajenga nyumba sita za kupangisha Kitisuru, na hakuwa na fundi wa mageti anayemwamini. Wiki iliyofuata Barasa alikuwa huko na futi yake anapima. Mageti sita na madirisha yote. Alikuja hapa kwetu kunishukuru na kuku mzima. Uliogopa kuku huyo ukapanda kitandani. Sijui kama unakumbuka.

Sasa nifike pale pagumu.

Karia ilinifurahisha mpaka nikasahau ilitengenezewa nini. Nilikuwa nanunua unga wa ngano kwa jumla Kawangware, ile mizigo ya pakiti kumi na mbili iliyofungwa pamoja, kilo ishirini na nne. Mwanzoni nilikuwa naifunga nyuma. Siku moja nyuma palikuwa na makaa, nikauweka unga mbele. Ikaenda vizuri. Wiki iliyofuata nikaweka tena. Ikawa mazoea. Barasa nilikuwa nikimwona mbali nazunguka nyuma ya soko, nisipite mbele ya kibanda chake na unga mbele. Ona mtu mzima, na kazi yake, na mtoto wake, anamkwepa fundi kama mtoto aliyetoroka shule.

Siku moja nikafika nyumbani nikakuta mguu wa kushoto wa karia unacheza. Nati ya chini ilikuwa imeanguka njiani. Ningerudi kwa Barasa, angeinama, angeangalia, angeniuliza, "Mama Njoki, unabeba nini?" Na sikutaka kuulizwa. Kwa hivyo niliokota waya pale walipokuwa wanajenga ploti ya jirani, waya laini ya kufungia nondo, nikaizungushia mguu ule mara nne, nikakaza kwa koleo. Nikajiambia ni mpaka Jumamosi. Jumamosi ikafika nikajiambia mpaka Jumamosi nyingine.

Halafu ikaja siku ya Hansa kuposwa. Mama yake aliniagiza keki ya ngazi mbili, na keki ndogo arobaini juu yake. Nilipaswa kwenda safari mbili. Nikataka kwenda moja. Niliweka sanduku la keki mbele, sinia la keki ndogo juu ya sanduku, na stendi ya chuma ya kusimamishia keki nikaibana pembeni. Uliniambia, umesimama hapo mlangoni na yunifomu, "Mami, hiyo ni mingi." Nikakwambia uende shule utachelewa.

Ilikuwa mteremko, nimekaribia kabisa. Nilisikia kitu kikisema *tang*, kama kijiko kimeanguka kwa sakafu. Karia ikainama kushoto, mguu ukaingia kwenye gurudumu, gurudumu likakwama, na mimi nikapita juu ya usukani. Nilipofumbua macho niliona keki ndogo zinateremka barabarani kama kuku waliofunguliwa. Mkono wangu ulikuwa umekaa vile mkono haukai.

Mtunza bustani wa nyumba ya karibu alikimbia kumwita Mama Hansa. Alikuja na gari, amevaa sari ya sherehe. Hakuiangalia keki hata kidogo. "Wacha keki! Mkono iko namna gani? Mkono!" Alinishika, akaniingiza garini, sari yake ikapata damu. Wageni walikuwa njiani kuja kwake, na yeye ananipeleka hospitali. Tukiwa njiani akaniuliza, kwa upole tu, "Lakini ilikuwa nini?"

Njoki, nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote maishani mwangu. Hakuwa amekasirika. Hakuwa ananishtaki. Kama ningesema, "Nilifunga kwa waya," angesema pole na tungeendelea. Lakini alikuwa mwema kwangu wakati ule kuliko mtu mwingine yeyote, na niliogopa wema huo usipungue. Nikasema, "Ni ile chuma ya fundi. Alichomelea vibaya, ikavunjika."

Ilitoka laini sana. Sikuhitaji hata kuitafuta.

Mume wake alimpigia Barasa siku hiyo hiyo, kwa simu ya kibanda cha jirani. Akamwambia mageti asilete. Mtu ambaye chuma chake kinavunjika na keki, geti lake litamwangukia nani? Mawili yalikuwa tayari. Alikuwa amekopa vyuma vya mengine. Watu wa soko wakasikia pia, na wewe unajua Kawangware, habari haikai mfukoni.

Jumamosi alikuja hapa kuniona. Nilikuwa nimekaa nje na mkono ndani ya plasta, majirani wawili wako nami, wewe uko kwenye mkeka unafanya hesabu. Alileta mkate na pakiti mbili za maziwa. Alinipa pole, akauliza daktari amesemaje. Kisha akaenda pale baiskeli ilipoegemea, akainama. Kipande cha ile waya kilikuwa bado kimezunguka mguu. Alikigusa kwa kidole, akakifuatisha mpaka mwisho wake. Halafu akasema, polepole, bila kugeuka:

"Mama Njoki, hii waya ni ya nani?"

Nikasema, na nilihakikisha majirani wanasikia, "Barasa, mimi nimevunjika mkono, na wewe unaniuliza mambo ya waya?"

Mmoja wa wale wanawake akafyonza. Mwingine akasema, "Mafundi wa siku hizi." Barasa alisimama, akaweka maziwa na mkate juu ya stuli, akasema niugue pole, akaenda. Wewe uliinuka ukasimama mlangoni ukamtazama mpaka akapinda kona. Uso wako ulikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwako, na hasira hiyo ilikuwa kwa ajili yangu.

Jumatatu ulirudi kutoka shuleni sweta imechanika bega. Uliniambia umepigana na Nekesa. Ulimwambia mbele ya darasa kwamba baba yake alimvunja mama yako mkono kwa sababu hajui kazi. Nilikushonea sweta ile kwa mkono mmoja, wewe umenishikia kitambaa, na sikukusahihisha. Maneno uliyomwambia yalikuwa yangu. Nilikupa ukayabebe shuleni.

Kabla ya mwezi kwisha Nekesa hakuwa tena dawatini. Ulilia siku moja, ukasema ulikuwa unataka kumwomba msamaha kwa ajili ya kupigana, si kwa ajili ya maneno. Nilikwambia wamehamia mashambani, watu huhama.

Miaka mitatu na zaidi sikugusa karia ile. Ilikuwa chini ya kitanda changu, imefungwa kwa gunia. Keki nilipeleka kwa miguu, na kwa mtu wa mkokoteni, na nyumba za Kitisuru nikaziacha. Ulipoitwa sekondari niliona lazima nirudi kwenye baiskeli. Nikaitoa karia, nikaipeleka pamoja na baiskeli kwa fundi mpya pale stejini, kwenye kituo cha matatu cha Satellite, asiyenijua. Nikamwambia, "Ilivunjika. Nichomelee tena."

Akaigeuza huku na huku. Akapitisha kidole gumba kila kiungo. "Imevunjika wapi?"

"Hapo chini."

"Mama, hii haijavunjika. Ilifunguka. Hapa kuna shimo la nati, na nati haipo. Hizi viungo hazijaguswa." Akaniita nione kwa jua. "Huyu aliyechomelea ni nani? Huyu ni fundi. Mimi siwezi kufanya hivi."

Hakuchomelea kitu. Akaweka nati mpya, na hiyo tu ndiyo kazi iliyokuwa inahitajika. Nilisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Sikuweza kuipanda.

Nilikwenda kwanza kwa Mama Hansa, kwa sababu nilidhani huko kutakuwa rahisi. Nilimweleza nimesimama jikoni kwake, pale pale tulipoanzia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee yangu naambia huyo mtu maneno mbaya sana. Mimi nasikia, mimi nanyamaza, sababu ya wewe." Akazima jiko. "Sasa wewe nenda nyumbani." Hakuniagiza keki mwaka mzima na zaidi. Diwali, sikukuu yao, ya mwaka uliofuata alimtuma dereva aniulize kama bado naoka. Nilioka. Lakini hakutoka tena nje kuja kuiangalia baiskeli.

Barasa nilimpata Uthiru, anatengeneza wilbaro, toroli za gurudumu moja za watu wa mjengo. Alikuwa na mvi. Aliniona, akavua miwani yake ya kuchomelea, akangoja. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima, yakapotea yote. Nikasema tu, "Ile waya ilikuwa yangu."

"Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Chuma kikivunjika kina sura yake. Kikifunguka kina sura nyingine."

"Mbona hukusema mbele ya watu?"

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa na plasta. Na mtoto alikuwa anaangalia." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Nilikungoja, Mama Njoki. Nilijua wewe si mtu mbaya. Nikasema atakuja wiki hii. Halafu nikasema atakuja wiki ijayo. Halafu nikafunga kibanda."

Nilimwomba msamaha. Nililia pale mbele ya vijana wake wa kazi. Hakunifukuza, wala hakunikumbatia. Alisema, "Nimesikia," akavaa miwani akarudi kwa wilbaro. Tangu hapo tumekuwa tukisalimiana nikipita Uthiru, na mara nyingine ananipa kiti. Sijawahi kumwuliza tena kama amenisamehe. Nimejifunza kwamba hilo si swali la mimi kuuliza.

Baba yako nilimwambia kwa simu. Wewe ndiye sikukwambia. Nilisema uko kidato cha kwanza, nisikuvuruge. Kisha nikasema una mtihani. Kisha ukaingia uuguzi, nikasema ni mambo ya zamani, nani anayakumbuka. Unaona jinsi nilivyo? Ni zile Jumamosi zangu tena. Na mara mbili au tatu nimekusikia ukiwaambia marafiki zako kwamba mama yako aliwahi kuangushwa na kazi mbovu ya fundi, na bado akarudi barabarani. Ulikuwa unajivunia mimi. Nikaenda jikoni.

Sasa jibu lako, kama mtu aliyejaribu yote.

Weka karia. Begi ni nzuri kwa koti la mvua na vitabu vya rekodi, na ukiinunua ifungwe sehemu mbili au tatu, ibane, isining'inie. Lakini kisanduku cha chanjo kikae kwenye karia, chini, mahali unapokiona. Vitu vinavyoweza kuharibika viweke mbele ya macho yako. Vizito ambavyo havina shida, nyuma. Wakikuwekea karia inayoshika usukani peke yake, kataa. Lazima iwe na miguu hadi kwenye ekseli. Mtu atakuomba umbebee gunia. Watu wakishaona una karia wataomba. Utakuwa mgeni, utataka wakupende, na kusema hapana kutakuwa kugumu. Mimi nilishindwa kusema hapana hata kwa nafsi yangu.

Na iko siku nati itaanguka, uko mbali na fundi, na utafunga kwa waya. Sitakuambia usifunge. Kazi ni kazi, mtoto anangoja sindano yake. Funga, ufike. Ila ukifika, sema umefunga kwa waya. Lisemwe siku hiyo hiyo, lingali dogo.

Ijumaa, baada ya kukujibu vibaya, nilipanda baiskeli nikaenda Uthiru. Nilimwambia Barasa nataka karia ya mbele, ya baiskeli nyeusi ya kawaida, ya kubeba kisanduku cha dawa.

"Ni ya nani?"

"Ya Njoki. Amepata kazi ya uuguzi Busia."

Akatabasamu kidogo. "Njoki huyu aliyepigana na wangu?"

"Huyo."

"Anajua?"

Nikatazama wilbaro zake. Aliniangalia, si kwa hasira, kwa uchovu tu, kama mtu aliyefikiria safari imekwisha akaambiwa bado kuna mlima.

"Miaka hii yote?" akasema. Kisha akachukua chaki akaanza kuandika vipimo kwenye ukuta. "Nitaitengeneza. Barabara za kwetu huko nazijua, kuna mchanga, nitaifanya pana kidogo. Lakini sitaki asafiri na chuma changu akidhani chuma changu huvunjika. Mwambie kwanza."

Nilijaribu jana mara mbili, ukiwa unakunja nguo. Mdomo ukanishinda. Ndiyo maana naandika.

Nilimwuliza habari za Nekesa. Anafundisha shule ya chekechea upande wa Bungoma. Namba yake sikuomba. Hiyo ni yako kuiomba, ukitaka, na ukiiomba nadhani atakupa.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Ukitaka kunigombeza leo, nigombeze, niko chumba cha pili tu. Ukitaka kunyamaza mpaka ufike Busia, nitaelewa pia, na nitangoja simu yako.

Kesho saa moja asubuhi Barasa atakuwa stendi ya mabasi mjini, ameniahidi, na karia mkononi. Atakusalimia, kisha atakuuliza kama mama yako amekuambia. Usimjibu kwa ajili yangu. Mjibu ukweli.

Mimi mama yako,
ninayekupenda kuliko nilivyowahi kusema.